Geji ya upepo wa tairi: kwa nini 32 ya kituo kimoja si 32 ya kingine

Katika kituo chochote cha mafuta kando ya Mombasa Road, mpira mmoja wa upepo huhudumia kila chombo kinachoingia. Lori linaloelekea Mlolongo linataka PSI (pauni kwa inchi mraba, kipimo cha presha) 100 na zaidi. Matatu ya abiria 14 inataka karibu nusu ya hapo. Nyuma yake kuna Vitz inayotaka 32 tu, na kando yake mwanabodaboda anayetaka ishirini na kitu kwenye gurudumu la mbele. Geji iliyofungwa mwishoni mwa mpira huo sharti iwe na skeli ndefu ya kumtosha mwenye lori. Hapo ndipo shida ya mwenye Vitz inapoanzia, hata kama geji yenyewe ni mpya na haina kasoro yoyote.

Sababu ni kwamba usahihi wa geji nyingi za mshale hauhesabiwi kwa namba unayoisoma, bali kwa skeli nzima, kuanzia sifuri hadi namba ya mwisho iliyochapwa. Kiwango cha Marekani kinachofuatwa sana kwa geji za aina hii, ASME B40.100, kinazipanga kwa madaraja. Daraja B linaruhusu kosa la asilimia 2 ya skeli nzima mshale ukiwa katika nusu ya kati, na asilimia 3 ukiwa katika robo ya mwanzo au robo ya mwisho. Sasa tupige hesabu. Geji inayoishia 60 ikipima 32, mshale unasimama katikati, na asilimia 2 ya 60 ni PSI 1.2. Geji inayoishia 160 ikipima 32 hiyohiyo, mshale bado uko katika robo ya mwanzo, na asilimia 3 ya 160 ni PSI 4.8. Ile inayoishia 220 ina ruhusa ya kukosea kwa 6.6. Ikikuonyesha 32, tairi lako linaweza kuwa na 25 na nusu, au 38 na nusu, na geji ikawa haijavunja kanuni hata moja ya daraja lake.

Hakuna mchuuzi wa Marikiti anayepima iliki kwenye mizani ya magunia ya viazi. Lakini matairi ya magari yetu madogo tunayapima hivyo kila wiki, kisha tunatoka kituoni tukiamini tuna 32.

Ili uone ukubwa wa kosa hilo, angalia Marekani. Tangu Septemba 2007 magari mapya madogo huko yanalazimika kuwa na mfumo unaowasha taa kwenye dashibodi upepo ukipungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichopendekezwa. Kwa gari la PSI 32, taa hiyo inawaka kwenye 24. Geji ya lori inaweza kukufikisha karibu kabisa na mstari huo ikiwa nzima, na mengi ya magari yaliyotumika yanayotufikia kutoka Japani hayana mfumo huo. Hakuna taa itakayokuonya. Kitakachokuonya ni geji yako, au ukuta wa tairi uliochoka.

Ukuta huo ndio unaobeba adhabu. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Kwenye foleni ya Jogoo Road joto hilo si kitu. Kwenye barabara ya Nakuru, gari limejaa watu na mizigo, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, joto hupanda hadi nyuzi na mpira wa ndani kuanza kuachana, na tairi hupasuka bila kutoa taarifa. Upepo ukizidi, sehemu inayogusa lami hupungua, breki hupoteza nguvu kwenye mvua, na shimo ambalo tairi lingelimeza linapiga rimu moja kwa moja. Mfuko nao unaumia: Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila PSI 1 inayopungua kwenye matairi yote manne inaongeza ulaji wa mafuta kwa takriban asilimia 0.2. Ukipungukiwa na PSI 5 mwaka mzima, unalipa.

Namba unayoitafuta iko mlangoni

Geji sahihi haina faida ikiwa namba unayoifuata si ya gari lako. Nairobi kuna desturi mbili zinazowapotosha watu. Ya kwanza ni "weka thelathini zote", inayotamkwa kwa kila gari kuanzia Demio hadi Prado. Ya pili ni kusoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi 44 au 51, na kuichukulia kuwa ndiyo inayotakiwa. Hiyo ni presha ya juu kabisa ambayo tairi lenyewe linaruhusiwa kubeba. Aliyetengeneza tairi hajui litafungwa kwenye gari gani, wala gari hilo lina uzito gani mbele na nyuma. Anayejua ni aliyetengeneza gari, naye ameiandika kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Fungua mlango, inama, utakiona.

Kwenye magari yaliyouzwa kwanza Japani, kibandiko hicho kimeandikwa Kijapani, na ndiyo maana wengi hawakisomi. Kumbe herufi unazohitaji ni mbili tu: 前 ni mbele, 後 ni nyuma. Namba zake ziko kwa kilopaskali, na pembeni kuna kilo kwa sentimita mraba: 220 kPa na 2.2, kwa mfano. Gawanya kilopaskali kwa 6.9 upate PSI. 220 inakuwa karibu 32, 230 inakuwa 33 na kidogo, 250 inakuwa 36. Ukipenda bar, bar 1 ni kilopaskali 100 kamili, au PSI 14.5. Kilo kwa sentimita mraba ni ndogo kidogo kuliko bar, PSI 14.2, kwa hiyo kwenye matairi ya gari dogo tofauti kati ya hizo mbili haifiki PSI 1. Usihangaike nayo. Hangaika na jambo hili: unaponunua geji, hakikisha ina PSI na kilopaskali au bar kwa pamoja, ili usiwe unapiga hesabu kichwani kila unapoinama kando ya tairi.

Kalamu, mshale na dijitali

Geji ya kalamu ndiyo inayouzwa kwa wingi zaidi, kuanzia vibanda vya Kirinyaga Road hadi rafu za supamaketi. Ndani yake kuna pistoni ndogo na springi. Upepo wa tairi unasukuma pistoni, pistoni inasukuma kijiti chenye namba, na kijiti kinasimama pale springi inapolingana na upepo. Haina betri wala kioo cha kuvunjika, inaingia mfukoni mwa shati. Udhaifu wake ni msuguano. Vumbi likiingia, na vumbi la Nairobi linaingia kila mahali, kijiti kinakwama mapema au kinarushwa kupita kiasi. Mistari yake imebanana, na jicho likikaa pembeni kidogo unasoma namba nyingine. Kwa mwanabodaboda anayepima mara kwa mara kwenye mtaro wa barabara ni chombo cha maana, mradi ajue kwamba PSI 2 kwenye tairi la 25 ni asilimia 8 nzima. Kwa gari la familia ningechagua kingine.

Geji ya mshale inategemea uvumbuzi wa Mfaransa Eugène Bourdon, aliyeusajili Paris mwaka 1849: mrija bapa wa chuma uliopindwa kama nusu duara. Upepo ukiingia, mrija unajaribu kunyooka. Ncha yake inavuta gia ndogo na gia inazungusha mshale. Karne moja na nusu baadaye, kanuni hiyo bado haijapata mpinzani wa bei yake. Ikiwa na uso mpana, angalau sentimita 5, skeli inayoishia 60, na mpira mfupi wa kuunganisha na valvu, inasomeka vizuri hata alfajiri. Tafuta yenye kitufe cha kutoa upepo kidogo kidogo na yenye kushikilia namba baada ya kuitoa kwenye valvu. Adui yake mkubwa ni kuangushwa. Ikigonga sakafu ya saruji mara moja, mrija unaweza kupinda kidogo tu usione kwa macho, na tangu siku hiyo kila namba inakuwa ya uongo. Geji nzuri za aina hii huwa na ganda la mpira nje.

Kisha kuna za dijitali. Ndani yake kuna sensa ya silikoni ambayo ukinzani wake wa umeme hubadilika inapobanwa. Hakuna gia wala msuguano, na sensa yenyewe kwa kawaida ni nzuri. Hatari iko kwenye namba zinazong'aa. Geji inayosoma 32.4 inakufanya uamini kwamba inajua hiyo nukta nne. Huenda haijui hata hiyo mbili. Uwezo wa kuonyesha namba ndogo ni jambo moja, na uwezo wa kuipata kwa usahihi ni jambo jingine kabisa. Geuza pakiti usome maandishi madogo. Ukikuta kosa la asilimia 1 na skeli hadi 150, na asilimia hiyo ni ya skeli nzima, basi hizo ni PSI 1.5 juu au chini, na zile nukta ni mapambo. Pakiti isiposema lolote kuhusu kosa, iache dukani.

Jambo moja zaidi kuhusu dijitali: iwashe ikiwa mkononi, ngoja ionyeshe sifuri, ndipo uibane kwenye valvu. Baadhi ya geji hizi huchukua presha zinayoikuta wakati wa kuwashwa kuwa ndiyo sifuri yake. Na betri ikianza kuchoka, usiiamini hata kama namba bado zinaonekana.

Zote tatu zinaingia kwenye valvu moja ya Schrader, iliyoenea tangu miaka ya 1890 na ambayo leo iko kwenye gari, pikipiki, lori na baiskeli za milimani. Baiskeli nyeusi za mizigo zenye valvu ya zamani hazipimiki kwa geji hizi. Huko kidole gumba bado kinatawala.

Nairobi iko juu, na geji inajua

Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo linaigusa geji kwa njia ambayo wauzaji wengi hawaitaji.

Geji ya tairi haipimi upepo wote ulio ndani ya tairi. Inapima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Hewa ya Nairobi inasukuma kwa karibu PSI 12, ya Mombasa kwa karibu 14.7. Ukijaza 32 hapa na kushuka hadi Mombasa, hewa ya nje inaongezeka kwa karibu 2.7, kwa hiyo kama hali ya joto isingebadilika geji ingesoma 29 na kidogo bila chembe ya upepo kuvuja. Lakini joto hubadilika. Tairi lililopimwa Nairobi asubuhi kwenye nyuzi 15 na kupimwa tena Mombasa likiwa limetulia kwenye nyuzi 30 hurudisha karibu yote yaliyopotea, na unasoma kama 31 na nusu. Kwa hiyo mwenye kushuka pwani hana haja ya kuongeza upepo njiani kwa sababu ya mteremko tu. Apime asubuhi ya siku ya kwanza akiwa huko, kabla gari halijatoka.

Penye mtego hasa ni geji za mshale zilizojazwa gliserini. Zinauzwa ghali zaidi na zinasifiwa kwa kuwa mshale wake hautikisiki. Kwa mtambo unaotetema kiwandani ni sifa kubwa. Kwa tairi lililosimama haikusaidii sana, na hapa Nairobi inaweza kukudhuru. Ganda la geji hizo limezibwa ili kimiminika kisimwagike. Kama lilizibwa kiwandani karibu na usawa wa bahari, limefungia ndani yake hewa ya huko, nzito kuliko ya kwetu. Mrija wa Bourdon unapima tofauti kati ya kilicho ndani yake na kilicho ndani ya ganda, kwa hiyo unasoma chini ya ukweli, kwa kiasi kinachoweza kukaribia hizo 2.7. Tairi lenye 32 linaonekana kuwa na 29 na kitu, nawe unaongeza upepo ambao haukuhitajika. Kibaya zaidi, nyingi zina kipini kidogo kwenye sifuri kinachouzuia mshale kushuka chini yake, kwa hiyo ukiishika mkononi inaonekana iko sawa kabisa.

Dawa ipo. Geji nyingi za aina hiyo zina kizibo kidogo cha mpira juu ya ganda. Kukifungua mara moja geji ikiwa imesimama wima, kimiminika kikiwa chini, kunasawazisha hewa ya ndani na ya nje. Baadhi zina ncha ya kukatwa kwa makusudi hayo. Aliyekwisha kununua afanye hivyo. Anayenunua leo, achukue kavu.

Kupima penyewe

Namba ya kibandikoni ni ya tairi baridi, yaani gari limesimama kwa saa tatu au zaidi, au limetembea chini ya kilomita moja na nusu. Asubuhi ya Julai nyuzi 13, mchana nyuzi 26: tofauti hiyo peke yake inaongeza karibu PSI 2 kwenye tairi la 32. Ukiliendesha linapanda zaidi. Tairi lililopigwa na jua upande mmoja wa gari linasoma juu kuliko la kivulini. Kwa hiyo hata geji ya maabara ikipima tairi moto itakupa namba sahihi ya swali ambalo hukuuliza.

Kwa wengi wetu kituo cha mafuta kiko mbali kuliko hiyo kilomita moja na nusu, na foleni ikiwepo ndiyo kabisa. Tairi linafika likiwa moto. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuwa na geji yako nyumbani, kubwa kuliko usahihi wa geji ya kituo. Pima kabla ya kuondoka, uandike. Tuseme tairi la mbele kushoto lina 28 na linatakiwa kuwa na 32. Limepungukiwa na 4. Ukifika kituoni lipime tena kwa geji yako. Labda sasa linasoma 31 kwa sababu ya joto. Mwambie mhudumu ajaze hadi 35, yaani 31 na zile 4. Usijaze hadi 32, maana kesho asubuhi litakuwa limerudi chini. Na usikubali kamwe tairi moto lipunguzwe upepo eti limezidi.

Njia hii ina uzuri wake wa siri. Kwa kuwa unaongeza tofauti tu, hata ukilazimika kutumia geji ya kituo, kosa lake lisilobadilika linafutika. Ikiwa inasoma 3 juu kila mara, itasoma 3 juu kabla na 3 juu baada, na zile 4 zitaingia zote. Ngoja tu mhudumu aachie kishikio kabla ya kusoma: upepo ukiwa bado unapita kwenye mpira, mshale unaonyesha presha ya kompresa inayosukuma, wala si ya tairi.

Naitrojeni inayouzwa kwenye maduka makubwa ya matairi haibadilishi lolote katika haya. Inapanuka kwa joto karibu sawa na hewa ya kawaida na inahitaji kupimwa vilevile.

Kuijua geji yako

Geji ina aina mbili za kosa, na si sawa kwa uzito. Kuna geji inayokosea kwa kiasi kilekile kila siku, na kuna geji inayobadilika kila ukiibana. Ya kwanza inatumika. Ukishajua inasoma 2 juu, unatoa 2. Ya pili haifai hata ikiwa wastani wake ni sahihi.

Kwa hiyo jaribio la kwanza lifanye palepale dukani, kabla ya kulipa, kwenye gari lililosimama nje. Pima tairi moja mara nne au tano mfululizo, ukiibana geji wima na kwa nguvu hadi mlio wa kuvuja ukome. Kila kipimo kinachukua hewa kidogo, lakini ni chembe tu. Namba zikikaa ndani ya nusu PSI, una kitu cha kuaminika mkononi. Zikiruka kutoka 30 hadi 33, irudishe. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakukatalia.

Jaribio la pili ni kuilinganisha na kipimo kinachojulikana. Maduka makubwa ya matairi yanayofanya kazi ya kunyoosha magurudumu mara nyingi huwa na geji yenye kibandiko cha tarehe ya ukaguzi. Omba kukiona. Kama kina tarehe ya karibuni, linganisha geji yako na hiyo kwenye tairi moja likiwa na 25, kisha 32, kisha 40, kwa sababu geji inaweza kuwa sahihi mahali pamoja na kupotoka pengine. Andika tofauti kwa kalamu ya wino usiofutika mgongoni mwa geji. Kulinganisha na geji za jirani wawili watatu ni bora kuliko kutofanya lolote, ingawa zikiwa zimetoka kwenye katoni moja zinaweza kukosea pamoja.

Kwa wanaosimamia magari mengi, wenye sako za matatu, kampuni za teksi au mabasi ya shule, hilo halitoshi. Nunueni geji moja bora ya kurejelea, msiitumie kwa kazi ya kila siku, na mwipeleke ikakaguliwe kwenye maabara ya vipimo. Shirika la Ukadiriaji wa Ubora wa Bidhaa, KEBS, lina maabara za vipimo katika makao yake makuu South C, na zipo maabara binafsi zilizoidhinishwa na KENAS, shirika la Kenya linaloidhinisha maabara. Kifaa cha rejea katika kazi hiyo ni pistoni yenye eneo linalojulikana kwa usahihi mkubwa, inayowekewa vipande vya uzito unaojulikana. Presha ni uzito kugawanywa kwa eneo, basi, hakuna springi wala sensa ya kubishaniwa. Hati unayorudi nayo inaonyesha geji yako ilisoma nini kwenye kila presha iliyowekwa, na hiyo ndiyo thamani yake. Stika ya KEBS iliyobandikwa kwenye bidhaa zinazoingia nchini ni jambo tofauti: inahusu shehena kuzingatia viwango, haisemi kwamba geji hiyo uliyoshika imepimwa.

Ukiona kwenye geji au mashine ya upepo alama ya EN 12645, hiyo ni kanuni ya Ulaya mahususi kwa vipima upepo vya matairi, na ni nzuri kwa sababu haihesabu kwa asilimia ya skeli. Inaruhusu kosa la bar 0.08 tu hadi kufikia bar 4, yaani kama PSI 1.2, hata kama skeli ya mashine inafika kwenye presha ya lori. Mwenye kituo anayetaka kuwatendea haki wenye magari madogo angetafuta mashine ya namna hiyo, kisha aizuie isiburutwe kwenye saruji na kukanyagwa na magurudumu. Alama, bila shaka, inaweza kuchapwa na yeyote, kwa hiyo jaribio la kurudia mara tano linabaki palepale.

Imebaki spea. Magari mengi madogo ya Japani yana lile tairi jembamba la muda, na linataka kilopaskali 420, PSI 60. Watu hulisahau buti miaka mingi, halafu siku ya pancha usiku kwenye Southern Bypass wanakuta limelala. Geji inayoishia 60 haifai kulipima, maana mshale utafika mwisho wa skeli na hutajua kama umepita. Ongeza geji ya kalamu inayofika 100 kwa ajili ya hilo moja tu. Hapo kosa la PSI 3 ni asilimia 5, na linavumilika kwa tairi la kukufikisha kwa fundi. Lipime kila unapopima mengine manne, na geji zote mbili uziweke kwenye droo ya gari, mbali na jua la dashibodi.